Uliza Fundi wa Sauti: plagini yangu inadanganya

Mwezi huu barua karibu zote zinaongelea kitu kimoja: zile plagini (programu ndogo za kubadilisha sauti mu komputa) ziko na filta ya kukata, disto ya kukwaruza na dilei ya mwangwi pamoja mu dirisha moja. Naona kuna mutu alizitembeza mu kle USB toka Kamalondo mpaka Ruashi, hapa Lubumbashi, juu hata mama wa kwaya ameniandikia. Haya, tuanze.

*Yambo Yaya. Miye narap, nafanyaka kila kitu mu chumba yangu, mashini (komputa), mikro moja na kaske ya masikio. Nilipata plagini iko na filta, disto na dilei. Nikiwasha, sauti inakuwa kubwa inajaza kichwa, nikizima naona sawa vile mutu anaongelea mu ndoo. Lakini nikipeleka wimbo kwa rafiki yangu mwenye bafle kubwa, maneno hayasikiki, banabaki banacheka. Shida iko ku plagini ao ku miye? — Mutoto wa Katuba*

Mudogo wangu, shida iko ku sikio, na usione haya, sikio ya batu wote iko vile. Ukiipandishia sauti hata desibeli 1 ao 2 tu, sikio haisemi "imepanda", inasema "imekuwa muzuri". Sasa disto kazi yake yote ni ile: inakata vichwa vya mawimbi, kile kilichokuwa kidogo kinapanda kinakaribia kile kikubwa, taa ya juu ku mita inaweza isisogee hata kidogo lakini wastani wa sauti umeshapanda sana. Njo maana ukiwasha kichwa kinajaa na ukizima unaona ndoo. Ndoo haikuwepo.

Fanya hivi leo kabla umeme haijakatika. Weka draivu, ile buto ya nguvu ya disto, pale unapenda, kisha nenda ku buto ya autiputi, ile ya mwisho kabisa ambayo hakuna mutu anaigusaka, ishushe polepole mpaka ukiwasha na ukizima sauti ibaki na nguvu ile ile. Halafu funga macho, bonyeza baipasi, ile ya kuwasha na kuzima plagini, mara nyingi mbio mbio mpaka wewe mwenyewe usijue uko upande gani, simama, sikiliza, chagua. Miye nilirudi ku miksi zangu za zamani na hii mutihani, karibu nusu ya disto nilizoweka kwa kiburi nilizitoa, na hakuna muteja aliyeuliza zimeenda wapi.

Sasa maneno yako yanapotelea wapi. Hapa ni filta, na majina yake yanachanganya batu: lo-pasi inaacha sauti za chini zipite, maana yake inakata za juu, na hai-pasi ni kinyume. Buto ya katofu njo inasema kukata kuanzie wapi. Sikio ya mutu inashika toka hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) mpaka 20,000, lakini sauti ya mwanaume akiongea musingi wake uko kama kati ya 85 na 180, na zile konsonanti zinazofanya batu waelewe maneno, t, k, s, f, ziko juu kabisa, 2,000 kwenda mbele, s yenyewe inaweza kupanda mpaka 8,000. Nakisia lo-pasi yako uliishusha mpaka kama 3,000 juu ulisikia inakuwa "nzito" na "ya joto". Ndiyo ni ya joto, lakini umekata ulimi. Ile sauti ya simu ya zamani batu wanaweka mwanzo wa wimbo inaishi kati ya 300 na 3,400 tu, na kwa simu tunaelewana, lakini hakuna ngoma na besi zinazopiga nyuma ya simu. Yako iko na biti nzima.

Ya chini njo ukate bila huruma. Hai-pasi ku 80 ao 90, na kama plagini inakuuliza muteremko, chagua 12 ao 24. Ile namba ni desibeli kwa kila oktava, maana yake kila mara hezi zinagawanyika mbili: ukikata ku 100 na muteremko wa 12, kufika hezi 50 sauti imeshashuka kama desibeli 12, na muteremko wa 24 imeshuka 24. Kwa nini naongelea 50? Juu umeme yetu iko ya hezi 50, na kama waya yako ya mikro iko mbaya ao adapta ya mashini iko ya bei ya chini, ile mmmmm iko mu rekodi yako hata kama hauisikii. Na hapa mufuatano wa vifaa unaanza kuwa kitu ya maana. Ukiweka disto kwanza na filta nyuma, disto inachukua ile 50 inaizalishia watoto, 100, 150, 200, 250, sasa wamesambaa ndani ya sauti yako wewe, na filta ikija nyuma kukata ku 90 inamfukuza baba tu, watoto wote wamebaki mu nyumba. Kata kwanza, kisha chemsha. Plagini nyingi ziko na mushale ao kibuto kidogo cha kugeuza nani anatangulia, kitafute, mara nyingi kimefichwa pembeni kama vile mutengenezaji hakutaka tukione.

Na tafazali rekodi sauti kavu. Athari zote weka nyuma ya rekodi, zisiingie ndani yake. Chumvi ikishazidi mu sombe hakuna mutu anaitoa.

*Yaya, miye ni mupiga gita wa Kenya. Naingiza gita moja kwa moja mu kadi ya sauti, hakuna ampli. Nikiwasha disto noti moja moja inalia muzuri, lakini nikipiga akodi, noti nyingi pamoja, inakuwa nyuki. Nilibadilisha waya, nilibadilisha hata gita. Papa yangu anasema bakubwa wa zamani hawakutumia hii makelele na gita ilisikika. — Wa Kenya, karibu na soko*

(Kwa wasomaji wa mbali: Kenya hapa ni komini ya Lubumbashi, mutu hajavuka mupaka.)

Papa yako ana haki kuliko anavyojua. Mwenda wa Bayeke, mupiga gita mutoto wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey, mukusanyaji wa muziki wa Afrika, alimurekodi 1952, alipiga na vidole viwili tu, gumba na shahada, gita kavu mbele ya mikro, na unasikia besi inatembea peke yake na melodi inatembea peke yake, hakuna inayokanyaga mwenzake. Ungepitisha ile mu disto nzito ingekufa hapo hapo. Na sababu iko ya hesabu, ngoja nikuonyeshe juu ukiielewa hautabadilisha tena waya bure.

Noti moja ukiipitisha mu disto inazaa hamoniki, na hamoniki ni marudio kamili ya ile noti: 110 inazaa 220, 330, 440 na kuendelea, zote ni ndugu, sikio inafurahi. Disto inayokata juu na chini sawa sawa inatoa paka zile za 3, 5, 7, inayokata upande mumoja kuliko mwingine inaleta na za 2 na 4, njo ile batu wanaita joto ya ampli za zamani za taa (lampes). Mpaka hapo hakuna nyuki. Lakini noti mbili zikiingia pamoja, disto haizishughulikii moja moja, inazisaga mu kinu kimoja, na mu kinu kunatoka jumla yao na tofauti yao. Piga A ya 110 na E ya 165: tofauti ni 55, ni A nyingine ya chini, jumla 275, iko karibu sana na do-dièze (C#) ya akodi ile ile. Muzuri, njo maana wapiga roki banapenda akodi ya noti mbili hizo. Sasa piga A ya 110 na do-dièze ya 138.6, akodi yako ya kawaida kabisa: tofauti 28.6, jumla 248.6, zile hazina nyumba mu wimbo wako. Ongeza noti ya tatu na ya nne, kila wawili wanazaa watoto wa nje. Hao ndio nyuki.

Kwa hiyo: shusha draivu mpaka nusu ya pale ulipo, piga noti mbili ao tatu za akodi ukiacha zingine, na mbele ya disto weka hai-pasi ku 120 hivi, nyuzi za chini zikiingia nyembamba kinu kinasaga vizuri. Kisha nyuma ya disto weka lo-pasi ku 5,000. Hii ya mwisho watoto wa siku hizi hawaijui juu hawakukua na ampli: bafle ya gita ya inchi 12 yenyewe ni filta, juu ya 5,000 hivi inapitisha kidogo sana. Wewe umeruka bafle umeingia moja kwa moja mu kadi, ile kelele yote ya juu ambayo bafle ingeimeza inakufikia mu kaske mbichi. Jaribu tu, washa disto, weka lo-pasi ku 20,000, ishushe polepole na kidole, utafika pahali nyuki wanatoka mu chumba na gita inabaki. Kwangu mara nyingi ni kati ya 4,500 na 6,000.

Lakini mwambie Papa kitu kimoja: makelele nayo iko na bakubwa wake. Konono N°1, bendi ya Kinshasa, walipitisha likembe (ile ya vyuma inayopigwa na gumba) mu mikro za kujitengenezea na sumaku za vyuma vya magari ya zamani, ile sauti ya kukwaruza haikutoka ku buto yoyote, ilitoka ku vifaa vyenyewe, na waliiacha ikawa muziki. Likembe inapiga noti moja moja mbio mbio, haipigi akodi nene. Unaona? Hata wao kinu hakikupewa mahindi mengi mara moja.

*Bwana Asifiwe. Ninasimamia kwaya ya vijana Ruashi. Kijana wetu wa mashini aliweka dilei ili tusikike kama mu kanisa kubwa, lakini sasa mistari inapandana, aleluya ya kwanza inaingia mu sentensi ya pili, wazee wanauliza kama tumekunywa. Tufanye nini? — Mama wa kwaya*

Amina Mama, na wazee muwaambie ni mashini njo ilikunywa.

Kijana wenu amechukua dilei kufanya kazi ya riverbu. Kanisa kubwa hairudishi sauti mara moja mara mbili kama dilei, inairudisha maelfu ya mara kutoka ku kila ukuta na kila nguzo mpaka inakuwa moshi. Dilei ni ukuta mumoja tu. Sauti inatembea mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mukisimama mbele ya ukuta mita 34 na kupiga kofi, kofi inaenda na kurudi mita 68, munaisikia nyuma ya milisekunde 200 hivi. Buto ya taimu ni umbali wa ule ukuta. Ikiwa chini ya milisekunde 30 hivi sikio haisikii mwangwi, inasikia sauti imenenepa. Kati ya 80 na 140 ni ule mwangwi mufupi wa rekodi za zamani. Kijana wenu nafikiri ameacha pale plagini ilifungukia, 500 ao kitu kama hicho, bila kuuliza wimbo unaenda mbio gani.

Hesabu ni moja tu na aiandike ku ukuta: 60,000 (milisekunde za dakika moja) gawanya kwa tempo (mapigo kwa dakika). Wimbo wa tempo 75, inatoka milisekunde 800, ile ni pigo moja kamili. Nusu yake 400, nusu na robo ya pigo 600. Akiweka 400 ao 600 mwangwi utaanguka pamoja na ngoma, akiweka 500 utaanguka pahali hakuna mutu, njo ule ulevi wazee walisikia. Mu FL Studio na programu zingine nyingi kuna kibuto cha kufunga dilei ku tempo, akibonyeza hicho hesabu inajifanya yenyewe, lakini miye napenda kijana ajue inatoka wapi, juu siku moja atapewa rekodi ya kwaya iliyoimba bila klik, ile ya kuhesabu mapigo, na kile kibuto hakitamusaidia kitu.

Fidibaki ni mara ngapi mwangwi unarudi. Kwa kwaya 20 kwa mia inatosha, 30 mwisho. Na ikipita 100, Mama, kila mwangwi unarudi na nguvu kuliko uliotangulia, haushuki tena, unapanda. Niliiacha 110 siku moja studio yangu, nilikuwa nafanyia wimbo mwingine mambo ya ajabu ajabu, akaingia muimbaji, akavaa kaske, akakohoa. Kikohozi kimoja! Kilirudi, kikarudi, kikawa ngurumo, alitupa kaske chini ikavunjika, na ile kaske nililipa miye. Toka siku ile nafunguaka kila kazi mupya na fidibaki ku sifuri.

Kitu cha mwisho, na njo kile kingenisaidia miye miaka mingi nyuma kama mutu angeniambia. Musiweke dilei ku kwaya nzima wimbo muzima. Kijana afungue njia ya pembeni, ile ya sendi, aweke dilei huko, miksi yake ku 100 kwa mia ili huko kutoke mwangwi peke yake, na atumie huko paka neno la mwisho la mustari, pale kwaya inapumua. "Aleluya", kimya, na mule mu kimya mwangwi unaingia mara mbili tatu na unakufa mbele mustari mwingine haujaanza. Na ku mwangwi aweke hai-pasi 300 na lo-pasi 3,000, ukuta wa kweli unarudishaka sauti iliyochoka, mwangwi mung'aavu kama sauti yenyewe unafanya kwaya isikike mara mbili na nusu yao wamechelewa. Ile moshi ya kanisa atafute riverbu, iko ndani ya programu yake tayari, ya bure.

*Rezonansi inafanya nini? Niliipandisha mpaka mwisho nikazungusha katofu, ikapiga filimbi, sikio inauma mpaka sasa. — R., Kampemba*

Inanyanyua kilima kidogo pale pale katofu iko. Kilima kikiwa kirefu sana filta inaanza kuimba yenyewe, hata ukiondoa sauti inayoingia filta zingine zinaendelea kupiga filimbi. Ni muzuri kwa DJ anayefungua filta mbele biti haijaanguka, lakini shusha autiputi kabla ya kuzungusha, na usifanye ile na kaske. Sikio ikiendelea kuuma ama ukisikia mulio ndani yake, nenda kwa muganga wa masikio, usingoje toleo lijalo la gazeti.

*Kuna pahali plagini inaniuliza 1x, 2x, 4x, 8x. Nikiweka 8x mashini inapiga upepo kama ndege na sauti inakatika katika. Ni ya lazima? — Mufanya biti, Lubumbashi*

Haina lazima kila saa. Mashini yako inarekodi mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo juu ya hezi 22,050 hakuna nafasi. Disto ikizaa hamoniki zinazopita pale, hazipotei, zinapinda zinarudi chini kama noti za uongo, kengele kengele zisizofuata wimbo. Ile 4x (oversampling) inaipa disto nafasi kubwa ya kufanyia kazi kisha inasafisha mbele ya kurudisha. Fanya kazi na 1x siku nzima, upande 4x wakati wa kutoa wimbo tu, hapo hata ikichukua dakika tano hakuna shida, mradi betri inafika. Na inahusu disto. Dilei safi na filta safi hauzisikii tofauti.

*Yaya, swali fupi: disto mbele ya dilei ao dilei mbele ya disto? Tumegombana na mwenzangu wiki nzima. — Wawili wa Katuba*

Muko wawili, mashini moja, na wiki nzima hamukugeuza mushale musikilize? Haya. Disto kwanza, dilei nyuma: kila mwangwi ni kopi safi ya sauti iliyosagwa, unashuka polepole, unabaki na sura yake, maneno yanaeleweka. Dilei kwanza, disto nyuma: sauti na mwangwi wake vinaingia kinu kimoja, vinasagwa pamoja, na juu disto inapandisha kile kidogo, mukia wa mwangwi haushuki vile ulitakiwa kushuka, unabaki mrefu na mnene, halafu mwisho ukishakuwa mdogo sana unajisafisha ghafla na unapotea. Kwa sauti ya kurap chagua ya kwanza. Kwa kelele ya mwanzo wa wimbo, ao noti moja ya likembe ukitaka ijaze nyumba nzima, ya pili. Na mukigeuza mushale, sawazisheni autiputi kwanza, juu ile ya pili inatokaka kubwa zaidi na mwenye kuitetea atasema ameshinda.